Leso ya Mahari

Nilianza ngumbaru nikiwa na watoto wawili na cherehani moja. Ngumbaru ni masomo ya jioni ya sisi watu wazima ambao tuliachia shule njiani. Yetu ilikuwa kwa darasa la shule ya msingi hapa Kitale, na tulikalia dawati za watoto, magoti yakigonga mbao. Tulikuwa wamama kumi na moja na mzee mmoja wa kuchunga duka, ambaye alikuwa anatoka mapema kila siku kuenda kazi na hajawahi kusikia mwisho wa hadithi yoyote.

Mwalimu alikuwa mwanaume mpole lakini sisi watu wa Bungoma tulimmaliza. Aliandika neno ubaoni akasema, "Mama, soma."

"Balabala," nikasoma.

"Hiyo ni nini?"

"Si ile ya kupitia magari, mwalimu."

"Barabara. R inatetemeka, kama ulimi umeguza stima. L imelala tu. Sasa sema 'lala'."

"Rara."

Darasa ilicheka mpaka yule mzee akarudi mlangoni kuuliza ni nini. Mwalimu alikaa chini. "Nyinyi mnalala barabarani na mnatetemeka kitandani," akasema. "Mungu awasaidie."

Mungu alisaidia, lakini polepole. Kwa mdomo nilijifunza. Kwa mkono, hiyo R na L ziliendelea kubadilishana viti kama watoto kwa kanisa, na mimi sikuwa naona.

Mchana nilikuwa nashona uniform za shule kwa duka ya mtu. Miaka kumi nilishona pindo za sketi, kijani, maruni, buluu. Rangi ilichaguliwa na shule, mshono ulichaguliwa na tajiri, yangu ilikuwa ni kukanyaga tu. Lakini vile vipande vinabaki chini ya meza nilikuwa nabeba nyumbani, navipanga kitandani, hii na hii, natoa, narudisha, mpaka baba watoto anauliza kama atalala juu ya kiraka ama nitamaliza. Na kwa daftari ya ngumbaru, pembeni ya hesabu, nilichora. Ni yule mwalimu aliona. Alichukua daftari yangu akaigeuza huku na huku.

"Hii ni hesabu ama ni maua?"

"Pole mwalimu."

"Sijasema ufute."

Yeye ndiye aliniambia kuna mafunzo ya kuchapisha vitambaa mahali kanisa moja lilikuwa limefungua chumba. Nilienda Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilijifunza kuyeyusha nta na kupaka kitambaa ili rangi isiingie pale hutaki. Nilijifunza kukata umbo kwa karatasi ngumu na wembe, kuiweka chini ya fremu yenye imevutwa kitambaa chembamba, kumwaga rangi na kuivuta na mpira mara moja, mkono usisite, kwa sababu ukisita kitambaa kitaonyesha pale ulisita. Baba watoto ni fundi wa mbao. Alinitengenezea fremu, halafu meza ndefu ambayo ilibidi tutoe dirisha ndio iingie. Mtu ambaye anakutolea dirisha, wewe mpikie vizuri.

Miaka ya kwanza nilichora kile kila mtu anachora: twiga, ndovu, ngao za Wamaasai. Wenye maduka walipenda. Lakini siku moja nikiwa nachora shingo ya twiga, msichana wangu, wakati huo akiwa mdogo, akauliza, "Mami, ulimwona wapi?" Nikakaa na wembe mkononi. Mimi sijawahi kuona twiga. Nimetoka Kamukuywa, kule Bungoma, nimeolewa kwa watu wa Kwanza, kijiji cha hapa karibu na Kitale, yote ni mahindi. Sasa nilikuwa natafuta nini kwa shingo ya mnyama ambaye hatujawahi kusalimiana?

Hiyo jioni nilijiuliza ni kitu gani kizuri nimewahi kuona na macho yangu. Haikuchukua muda. Niliona ukuta wa mama.

Mama yangu alikuwa anapaka nyumba yetu ya udongo kila Desemba. Alichanganya mavi ya ng'ombe na jivu, akaleta udongo mwekundu kutoka mtoni, na ule mweupe wa kule juu, na akaanza chini kabisa karibu na mlango. Hakutumia burashi. Ni vidole vinne, mkono wa kushoto. Watu walimkataza kusalimia na huo mkono tangu akiwa msichana, lakini kwa ukuta hakuna mtu angemwambia kitu. Alizungusha mkono, nusu duara, halafu nusu duara ingine juu yake, zikapandana kama magamba ya samaki, nyumba nzima. Watu wa kuenda soko la Kamukuywa walikuwa wanasimama na mizigo kichwani wanaangalia. Mama hakuwa anageuka. Alikuwa anasema tu, "Pitieni, sokoni kunajaa."

Hiyo ndiyo nilitaka kuweka kwa kitambaa. Nyekundu ya udongo, kijivu cha jivu, nyeupe. Nilijaribu mwaka mzima. Nilionyesha wenye maduka, wakaniuliza twiga iko wapi.

Halafu wamama wa kanisa letu wa pande ya Bungoma walikuwa na mkutano wao mkubwa, na walitaka leso moja ya kuvaa wote. Mama mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, mwanamke wa kunyoosha mgongo, alikuja mpaka Kitale kwa meza yangu. Nilimtolea twiga. Akaweka kando. Nikamtolea maua. Akaweka kando. Kwa aibu nikatoa kile kipande cha magamba. Alikigeuza kwa mwanga.

"Hii ni ukuta," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Wa nani?"

"Wa mama yangu. Kamukuywa."

"Nilikuwa napita hapo nikienda kufundisha," akasema. "Yuko hai?"

"Yuko."

"Basi siku hiyo atakaa mbele na mimi. Tengeneza leso sitini. Maneno chagua wewe, lakini yawe ya Mungu."

Nikimsindikiza nilikuwa natembea kama mtu amebeba mayai. Wacha nieleze ni kwa nini. Mama yangu hajawahi kukaa mbele mahali popote. Ng'ombe za mahari yake hazikuwahi kuenda kwao. Baba alimchukua, wakaishi, akaahidi, akafa. Na kwetu, mama ambaye hakulipiwa hawezi kula mahari ya binti yake. Watu wa baba watoto walipokuja kutoka Kwanza kuniposa, wazee walikaa kwa viti, shangazi zangu wakakaa kwa viti, na mama yangu aliyenizaa alikuwa jikoni anapuliza moto. Nilimwona kupitia mlango. Alikuwa amevaa rinda yake nzuri, huko jikoni. Hakulalamika siku hiyo, na mpaka leo hajasema hiyo neno mbele yangu. Mimi pia sijaisema mbele yake.

Sasa ningemkalisha mbele, na wanawake sitini wamejifunga ukuta wake. Sikutaka kitu kingine kwa hiyo kazi.

Maneno niliyaomba kwa magoti. Leso bila maneno ni kitambaa cha meza. Yalikuja asubuhi nikichuja chai: Kwa Mungu niko na mahali. Nililia kidogo hapo kwa sufuria. Nikaandika kwa karatasi, nikampelekea baba watoto kwa karakana yake asome, kwa sababu yeye alimaliza darasa la nane.

Akasoma kwa sauti, penseli ikiwa kwa sikio. "Kwa Mungu niko na mahari. Sawa kabisa. Imenyooka."

Nikakata herufi moja moja na wembe. Tukachapisha wiki mbili. Pamba nyeupe ilitoka kwa mama mmoja ambaye huvuka mpaka wa Suam na bidhaa kutoka Uganda, pamba nzuri inakunywa rangi bila kusambaza. Tulianika kwa kamba kutoka nyumba mpaka kwa mti wa parachichi, mistari minne, na majirani wakaja kusimama kwa ua kama wale watu wa soko. Mimi sikugeuka. Nilifanya kama mama.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, msichana wangu alifika nyumbani kwa midterm, ile likizo fupi ya shule. Sasa yuko fomu tatu. Aliweka sanduku chini, akaangalia kamba, akaweka mkono mdomoni.

"Mathe."

"Ni nzuri?"

"Ni noma, nzuri kabisa. Lakini mathe... hizo zote ziko hivyo?"

"Ziko vipi?"

"Umeandika mahari."

"Ndiyo. Mahari."

"Mathe, ma-ha-ri. Ng'ombe. Dowry. Mahali ya kukaa ni na L."

Nilienda mpaka karibu na leso ya kwanza nikaguza ile herufi na kidole. R. Imetetemeka kabisa. Nikaenda kwa ya pili. Sijui nilifikiria nini, ati ya pili itakuwa tofauti. KWA MUNGU NIKO NA MAHARI. Mara sitini.

Baba watoto akatoka karakana. Tukamwonyesha. Akasoma tena kwa sauti, na kwa sauti yake ilikuwa bado sawa, kwa sababu watu wake walihamia huku kutoka Nyeri na hao pia hizo herufi mbili ni kama mapacha kwao.

"Lakini mimi nilisoma," akasema.

"Ndiyo ulisoma, dadi," msichana akasema. "Wewe na mathe mlisomeana."

Nilijaribu kurekebisha moja. Nilipaka nyeupe juu ya kichwa na mguu wa R, nikachora mstari chini ili iwe L. Ikakaa kama mtu amefungwa bandeji. Msichana akasema tukate pindo lote la chini. Nikakataa. Kitambaa kingine hakikuwako, na siku hazikuwako.

"Sikiliza," baba watoto akasema, akiniletea stuli nikae. "Hao ni wamama wa Bungoma. Nani ataona? Watasoma vile wewe umesoma."

"Mwenyekiti alikuwa mwalimu."

"Mmoja kwa sitini."

"Na mama?"

Akashusha leso moja kwa kamba akaikunja. Yeye ndiye alikaa kwa kiti siku ile, na mama mkwe wake akiwa jikoni. Anajua.

Mama hajui kusoma. Lakini hilo ndilo lilinitia baridi: mtu angemsomea. Katikati ya heshima yake, mtu angecheka na kumsomea, na hilo neno lingekuwa kwa mgongo wa kila mwanamke kwa hiyo ukumbi, neno ambalo tumelizunguka maisha yetu yote. Na ni mimi mtoto wake ningekuwa nimeliandika.

Niliingia kwa chumba nikafunga mlango nikaomba. Sikuomba muujiza wa herufi, nilikuwa na haya kumsumbua Mungu na kitu nilifanya na wembe yangu mwenyewe. Niliomba mdomo wangu uweze kusema ukweli kabla mtu mwingine hajasema. Nilipotoka nilimwambia baba watoto, "Sitaanza kazi yangu kwa kuficha wamama wa kanisa. Nitasimama niwaambie. Lakini mama nitamwambia kwanza."

Jumamosi tulipitia Kamukuywa kumchukua. Alikuwa amekaa nje tayari, kitambaa kichwani, viatu vya ngozi ambavyo huvaa kwa mazishi tu. Nilikaa karibu naye kwa gari ya kanisa. Nikaanza. "Mayi, kuna kitu." Hivyo ndivyo tunaita mama kwetu. Akanigeukia na uso umeosheka, umefurahi. Nikasema, "Umevaa sweta?" Akasema amevaa. Nilijaribu tena tukifika karibu na Bungoma. Nikamuuliza kama ana njaa.

Kwa hivyo sikumwambia. Naandika hapa jinsi ilivyokuwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama mwenyekiti alimshika mkono, ule wa kushoto, kwa sababu ndio mama alitoa kwa haraka, akamkalisha mbele. Leso zilikuwa zimekunjwa kwa meza, magamba juu, maneno ndani. Nilisimama kabla mtu yeyote hajafungua.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Dada zangu, nimekosa. Nilitaka kuandika kwamba kwa Mungu niko na mahali. Mahali pa kukaa. Nimeandika mahari. Ya ng'ombe. Ziko sitini, zote ziko hivyo. Naomba msamaha, na naomba msinicheke sana."

 Mama mmoja mnene nyuma akauliza, "Sasa kosa ni gani?"

"Amesema mahari badala ya mahari," jirani yake akamweleza.

"Si ni kitu moja?"

Ukumbi ulianguka. Walicheka wakashikana mabega. Mwingine akapaza sauti, "Na Mungu atatoa ng'ombe ngapi kwa huyu? Angalia vile amenona!" Mama mwenyekiti aligonga meza na kalamu, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameinama, mgongo ule wa kunyooka ukitingika.

Mimi nilikuwa naangalia mtu mmoja tu. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua leso ya juu, akaifungua kwa magoti yake.

"Imeandikwa wapi?" akaniuliza kwa lugha yetu.

Nikapiga magoti karibu naye nikamwonyesha.

"Nisomee."

Ukumbi ulikuwa umeanza kutulia, na wale wa mbele wanamjua, wanajua hadithi yake. Niliona mama mwenyekiti ameacha kucheka. Nikasoma neno kwa neno. Nilipofika la mwisho sikuliruka.

Mama akaweka kidole juu ya hiyo neno. 

"Kwa Mungu," akasema.

"Ndiyo, mayi."

"Imefika?"

 Mama mwenyekiti ndiye alijibu. Aliinama karibu na sikio lake, na hakutumia sauti ya mwalimu. "Imefika, mama. Yote. Hakuna deni limebaki."

Mama alisimama. Alijifunga hiyo leso juu ya rinda yake, akaikaza na fundo mbili, akageuka ili watu waone nyuma. Akasema kwa Kiswahili chake, kwa sauti, "Basi mimi nimelipiwa. Na nyinyi mvae, tule."

Alisema tule. L yake ilitoka safi kabisa, sijui aliitoa wapi.

Wale wamama wengine wa umri wake walianza kusimama. Mmoja, halafu wawili, halafu sikuweza kuhesabu. Sikuwa nimejua ambao hawakulipiwa ni wengi hivyo. Unakaa na mtu kanisani miaka yote, unashika wimbo naye, na hujui kama alikaa kwa kiti ama jikoni. Hao ndio walijifunga kwanza.

Tulipokuwa tunakula nilimletea wali. Alikuwa ameshika pindo la leso karibu na macho, anaangalia magamba. Uso wake ulikuwa umebadilika, ule uso wa fundi akikagua.

"Umenikosea," akasema.

 "Mayi, kuhusu hiyo neno..."

"Neno gani? Hiyo sijui kusoma. Hapa." Akaguza nusu duara. "Huu ni mkono wa nani?"

"Wako."

"Sio wangu. Huu unaanguka kulia. Wangu unaanguka huku." Akazungusha mkono wa kushoto hewani juu ya sahani, vidole vinne. "Huu ni wa jirani yule wa kisima. Alikuwa anapaka kama mtu anafukuza nzi."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Nilichora kwa mkono wangu wa kulia, nikiamini nakumbuka, na mkono ulienda njia yake. Msichana wangu alinionyesha R moja, na mimi fundi mwenyewe nilikuwa nimegeuza ukuta mzima.

Wiki iliyofuata mama alikuja Kitale. Alikataa karatasi, alikataa penseli. Alisema nimletee uji mzito wa unga. Akamwaga kwa meza yangu ndefu, ile ya kutolewa dirisha, akasukuma mkono, nusu duara, na ingine juu yake, kutoka ukingo mpaka ukingo. Baba watoto alisimama mlangoni na randa mkononi, hakuingia. Nikaweka karatasi ya kupitisha mwanga juu ya kila alama nikaifuata na kalamu, polepole, kabla uji haujakauka.

"Na maneno?" msichana akaniuliza kwa simu. "Mathe, sasa utaweka L?"

Nilimwambia kwamba mama mwenyekiti ashapiga simu. Wamama wa kanisa la pili wanataka leso, na amesema waziwazi wanataka ile ile. Nimekata umbo upya, mkono unaanguka kushoto. Herufi sijaguza.